Nguo za Mzazi

Katika posa za watu wa pwani mahari haikuja peke yake. Kulikuwa na kilemba cha baba, kukawa na mkaja wa mama. Siku hizi mkaja hulipwa kwa noti ndani ya bahasha na vijana hawaulizi ni wa nini, lakini asili yake ni nguo hasa: ile aliyojifunga mama tumboni alipomzaa huyo binti anayeposwa. Bwana harusi anailipia nguo iliyochakaa zamani. Wazee walikuwa na hesabu zao. Walijua kuwa mama aliyeketi ukumbini siku ya posa angeweza kuwa kaburini tangu wiki ya kwanza ya uzazi, na kwamba kuvuka arobaini, zile siku arobaini za baada ya kuzaa, kwa salama si jambo la kupita bila kulipiwa.

Mimi ni mkunga, wa cheti na gauni jeupe, na sasa nimestaafu niko Tanga. Kazi nimeifanya zaidi mkoani Kigoma, katika vijiji vya mwambao wa ziwa. Lakini kabla ya chuo nilimjua mkunga mwingine nyumbani kwetu Pangani, bibi mzaa mama, ambaye hakuwa na cheti cha kitu chochote. Nimeishi na arobaini kwa pande zote mbili, ndiyo maana sipendi inavyosimuliwa. Kuna wanaoisifu kana kwamba kila kilichofanywa na bibi zetu kilikuwa dawa, na kuna wanaoicheka kama ushamba wa maji ya moto na ubani. Arobaini ilikuwa zamu ya ulinzi. Ilikuwa na walinzi hodari, na ilikuwa na upofu wake.

Aliyetuachia maandishi marefu ya zamani juu ya mambo haya ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, kinaanzia maisha yanapoanzia, kwenye mimba na uzazi. Kabla ya hapo, mwaka 1886, Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja aliyeolewa na Mjerumani, alikwisha kuandika jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyokuwa wakifikishwa siku ya arobaini na kunyolewa. Kwa hiyo hesabu hii ya siku haikuwa ya maskini wala ya tajiri. Mtoto wa jumba la Mtoni na mtoto wa mvuvi wa Pangani walihesabiwa siku zilezile.

Siku saba za mwanzo mkunga mwenyewe alikuja asubuhi na jioni. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, mgongo, nyonga na tumbo, kisha akafungwa mkaja kuanzia chini ya kitovu kupanda juu. Akaletewa chetezo, akajifukiza ubani na udi. Akanywa uji wenye pilipili manga, akala supu ya kuku, na kwa wenye uwezo bokoboko. (Wenzetu wa Kilimanjaro wana mtori, na mimi nasema waziwazi kwamba hapo Wachaga wametushinda.) Hakupika, hakuchota maji, hakulala chumbani peke yake. Chini ya mto kiliwekwa kisu, jini lisimsogelee. Kisu kilikuwa hakina kazi. Ila ili kisu kilindwe ilibidi mtu alale pale chumbani, na huyo mtu ndiye aliyesikia mzazi anapohema vibaya usiku.

Nikitaka kueleza ulinzi wa arobaini ulikuwa wapi hasa, sitaanza na maji ya moto. Nitaanza na beseni la matambara. Wakati ule hapakuwa na sodo za dukani. Kanga kuukuu zilichanwa, zikakunjwa, zikatumiwa, zikafuliwa. Na mzazi hakufua mwenyewe. Bibi aliyabeba matambara hadi uwani, nyuma ya kisima, akayamimina kwenye beseni la maji baridi bila sabuni kwanza, akachuchumaa na kusubiri. Aliangalia maji yanavyobadilika. Aliinua tambara moja moja kwa ncha za vidole, akalipeleka puani kabla ya kulikamua. Mtoto mdogo nikasimama pembeni nikiona kinyaa. Siku ya pili au ya tatu alitaka kuona wekundu unaopungua. Ikikaribia siku ya kumi alitaka kuona rangi ya kutu, halafu weupe wa manjano. Akiona wekundu mpya baada ya kwisha, au donge kubwa kuliko limau, alirudi chumbani bila kumaliza kufua. Akinusa uvundo, vivyo hivyo. Harufu ya nifasi, yaani damu ya uzazi, ya kawaida aliifahamu kama harufu ya jiko lake.

Haya aliyojua hayakutofautiana na niliyokuja kufundishwa chuoni. Vitabu vyetu viligawa damu ya baada ya kuzaa katika hatua zilezile tatu, kwa rangi zilezile, karibu kwa siku zilezile. Tofauti ni kwamba kitabu kinamwambia muuguzi amuulize mama, na mama anajibu "naendelea vizuri", maana nani anapenda kumsimulia mgeni habari za matambara yake? Bibi hakuuliza. Alifua.

Sheria ya dini nayo ilisaidia, ingawa haikuwekwa kwa ajili hiyo. Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na katika Safina, kile kitabu kidogo kilichosomwa madrasani na watoto wa kila mji kuanzia Lamu hadi Kilwa, nifasi imewekewa mipaka: mara nyingi siku arobaini, isizidi sitini. Mwanamke alihitaji kujua lini atarudi kusali na kufunga, hivyo alihesabu siku na kuangalia damu yake kwa makini. Damu iliyopita siku sitini haikuwa tena nifasi, ilikuwa ugonjwa, na kila mwanamke aliyesoma Safina alilijua hilo. Shirika la Afya Duniani, likihesabu vifo vya uzazi, huhesabu hadi siku 42 baada ya mimba kwisha. Kwa siku mbili tu tumepishana na bibi zetu.

Sasa upofu. Mzazi aliyepata homa siku ya tatu au ya nne aliambiwa ameingiwa na baridi. Dawa ya baridi ni joto, kwa hiyo aliongezewa chetezo, blanketi na maji yaliyochemka zaidi. Chumba kikawa cha moto hata mwenye afya atoke jasho, na homa ikajificha humo ndani. Maumivu ya tumbo yaliitwa chango, yakakandwa. Na tumbo lenye usaha halitakiwi kukandwa hata kidogo. Mzazi aliyelalamika kichwa, macho yakaona maruerue, kisha akakakamaa na kutoa povu, alikuwa na jini wa uzazi, akaitiwa mganga. Sisi tunaita kifafa cha mimba, na jina hilo nalo limewaua watu, kwa sababu wengi wanadhani mtoto akishatoka basi na kifafa kimekwisha. Hakijaisha. Kinaweza kumshika mama siku kadhaa baada ya kuzaa.

Na palikuwa na upofu mwingine ambao haukuwa wa mkunga. Bibi aliweza kuona kwamba mambo yameharibika saa nane za usiku. Kumtoa mzazi nyumbani, kumvusha mto, kumpakia kwenye gari la mtu, hayo yalikuwa ya mume, na kama mume yuko baharini basi ya mjomba au ya mavyaa. Wanawake waliona, wanaume wakaamua, na katikati ya kuona na kuamua damu iliendelea kutoka.

Watu wa Ulaya wasidhani wao walikuwa mbele sana. Katika hospitali kuu ya Vienna palikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya wakunga na moja ya madaktari na wanafunzi wao, na wanawake wa mji walilia wakiomba wasipelekwe ile ya madaktari. Walikuwa na haki ya kulia. Mwezi Aprili 1847 wodi hiyo iliua zaidi ya wazazi 18 katika kila 100 kwa homa ya uzazi. Ignaz Semmelweis akagundua kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuwapima wazazi kwa mikono ileile. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, na baada ya miezi michache vifo vikashuka hadi wawili hivi katika 100. Wakubwa wa fani yake wakamkataa hata hivyo, na mwaka 1865 akafia katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Dawa za kuua vijidudu vya homa hiyo zilipatikana miaka ya 1930. Bibi yangu hakumjua Semmelweis, lakini alikata kucha na alivua pete kabla ya kumgusa mzazi. Sijui alifundishwa na nani.

Huku kwetu hospitali za uzazi zilikuja polepole na kwa mafungu ya rangi. Unguja kilianzishwa Chama cha Uzazi mwaka 1918, kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafanyabiashara wa Kihindi. Nairobi, Lady Grigg, mke wa gavana, alifungua nyumba ya uzazi ya Pumwani mwaka 1926. Dar es Salaam ilingoja hadi 1956 kupata hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Kijijini hayo yote yalikuwa habari za mbali, na mkunga wa jadi aliendelea na kazi yake.

Kisha dunia ikamkumbuka. Baada ya mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978, na zaidi baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwezi Februari 1987, wakunga wa jadi waliitwa kwenye semina, wakapewa visanduku vyenye wembe, uzi, sabuni na mpira wa kutandika. Tuliwafundisha wasipake majivu kwenye kitovu. Tuliwafundisha kunawa. Miaka kumi na tano haijapita vizuri, mawazo yakageuka tena: vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa, na kufikia mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema wazi kwamba mzalishaji awe mtu mwenye ujuzi wa hospitali, na mkunga wa jadi hakuhesabiwa humo.

Juu ya kuzalisha, sina ubishi. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili, na hakuna ubani wa kuizuia. Ninachokilalamikia ni kwamba tulipomwondoa mkunga wa jadi kwenye uchungu tulimwondoa pia kwenye arobaini, kazi ambayo aliiweza, na hatukumweka mtu pale.

Kigoma ilinifunza jinsi ambavyo ingewezekana kufanya vinginevyo. Ule ni mkoa wa mbali. Reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1914, na vijiji vingi vya kusini mwa ziwa vilifikika kwa meli ya Liemba au kwa mtumbwi wa injini tu. Daktari Godfrey Mbaruku alipokuwa hospitali ya mkoa, yeye na wenzake walitafuta mmoja mmoja sababu za akina mama kufa, wakazirekebisha kwa vitu vilivyokuwa vinapatikana palepale. Kati ya 1984 na 1991 vifo hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakungoja wafadhili wajenge jengo jipya.

Baadaye yeye na watafiti wenzake kutoka Marekani waliuliza swali ambalo bibi angelipenda: mkunga wa kijijini asiye na mizani wala chupa ya kupimia atajuaje kwamba damu imezidi? Tatizo hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Hata madaktari hukisia damu chini ya kiasi chake, kwa sababu imeenea sakafuni na kwenye shuka. Jibu walilitafuta kwenye kitu ambacho kila mzazi wa Kigoma anacho: kanga. Kipande cha kanga kina ukubwa unaolingana karibu kila mahali, na kinanyonya kiasi kinachokadirika. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2005. Kanga mbili zikilowa chapa, damu imeshafikia nusu lita au imepita, na hapo ndipo mkunga wa jadi alipofundishwa kutoa vidonge vya misoprostoli vya kuzuia damu badala ya kusubiri. Katika eneo lililopewa vidonge, waliolazimika kupelekwa hospitali walikuwa wachache mno kuliko katika eneo ambalo wakunga walifundishwa kutambua na kupeleka tu.

Mimi nimewafundisha akina mama kwa njia hiyo kwenye zahanati, chini ya mwembe. Nilitia rangi kwenye maji, nikapima nusu lita, nikamwaga kwenye kanga iliyolazwa juu ya mpira, halafu nikawapa waishike. Mzee mmoja wa kike, mkunga wa miaka mingi, aliikamua, akainuka na kusema, "Hiyo mimi nimeshaiona mara nyingi nikasema ni kawaida." Hakuna aliyemcheka.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ujulikanao kama E-MOTIVE. Mzazi alitandikiwa plastiki yenye mfuko na alama za kupimia, damu ikionekana inapanda matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kungoja. Utokaji damu wa hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo, ulipungua kwa 60%. Tofauti ya plastiki ile na kanga ni kwamba plastiki ina alama.

Hospitali zetu basi zimesonga mbele, na takwimu zinasema hivyo. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa vizazi 100,000, wakati ule wa 2015–16 ulikuta 556. Wanawake 81 kati ya 100 walijifungulia kwenye kituo cha afya. Lakini waliochunguzwa afya zao ndani ya siku mbili baada ya kuzaa walikuwa karibu nusu tu. Yaani tunawapokea kwa mikono miwili, tunawazalisha, tunawapa kadi, tunawafungulia mlango.

Wanaenda wapi? Mzazi wa leo wa Mbagala au wa Majengo anarudi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mama yake yuko Songea, atakuja akipata nauli. Mume anatoka na bodaboda alfajiri. Sodo ni za dukani. Anazifunga kwenye mfuko mweusi na kuzitupa mwenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeona rangi wala kunusa harufu. Usafi umeongezeka, sibishi. Shahidi ameondoka.

Nimewahi kuletewa binti aliyeruhusiwa kutoka hospitali moja siku ileile aliyojifungua. Alikuwa ameeleza kwamba kichwa kinamuuma, akapewa panado bila kupimwa presha. Siku ya tano akaanguka kifafa. Nyumbani palikuwa na wifi wa miaka kumi na sita peke yake, na majirani walipofika walikwenda kwanza kwa mganga. Tulimdunga magnesiamu, tukamtoa kwa gari usiku, akapona. Mtu mzima mmoja aliyekijua kichwa hicho maana yake ni nini angemwokolea siku hizo zote.

Ratiba ya kliniki ipo: mama arudi ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Ni nzuri, ila ina mapengo ambayo watu wa nyumbani tu ndio wanaweza kuyaziba. Kwa hiyo nawaambia wenye mzazi ndani, wake kwa waume. Msimwache peke yake wiki ya kwanza, na asiyekuwa na mama karibu apewe jirani. Mkandeni mgongo mkitaka, tumbo liacheni. Mwombeni awaonyeshe sodo kabla hajaifunga, na asione haya. Damu ikilowesha sodo nzima ndani ya saa moja, au ikitoka na mabonge, au ikinuka uvundo, mpelekeni. Homa ni homa, si baridi, mpelekeni. Kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu, kuvimba uso, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kifua kinachobana, pumzi fupi, ziwa jekundu lenye moto: mpelekeni. Akiwa halali hata mtoto akilala, au analia bila sababu siku nyingi, au anasema mtoto si wake, au anasikia sauti, huo nao ni ugonjwa wa uzazi na una tiba hospitalini. Msimfungie ndani kwa aibu.

Na nauli iwekwe kando kabla ya uchungu kuanza, ikabidhiwe mwanamke anayelala chumbani na mzazi, pamoja na namba ya dereva, ili saa nane za usiku pasiwe na mtu wa kuombwa ruhusa.